Nina milioni 18: ninunue ekari za mitiki za kampuni, au nipande mwenyewe miti mchanganyiko Muheza?

MhasibuTabata

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, nakaa Tabata, miaka 34, nina mke na watoto wawili. Kwa vikoba na akiba ya kazini nimefikisha milioni 18. Sitaki kuziweka kwenye bodaboda, nilishajaribu. Pikipiki ilirudi haina taa, haina kioo, na dereva hapatikani.

Mwezi uliopita walikuja jamaa ofisini, wamevaa vizuri, wana kijitabu cha picha. Wanauza shamba la mitiki kwa vipande. Ekari moja ni milioni 4.5, wao wanapanda, wanapalilia, wanalinda, wewe unakaa mjini. Baada ya miaka 20 wanakukabidhi milioni 135 kwa ekari. Nikapiga hesabu: ekari nne ni milioni 540 nikiwa na miaka 54. Nilimwonyesha mke wangu, akasoma kijitabu chote mpaka jalada la nyuma, halafu akauliza, "Sasa kama ni hivyo, wao kwa nini wasipande wakakaa nayo?" Sikuwa na jibu.

Upande wa pili kuna mjomba wake anauza ekari 5 karibu na Muheza, milioni 1.2 kila ekari. Ni mteremko, chini kuna kijito, zamani ilikuwa michungwa lakini imezeeka. Nimesoma mahali kwamba kuchanganya aina za miti ni bora kuliko kupanda aina moja, kwamba magonjwa yanapungua na ardhi haichoki. Ni kweli au ni maneno ya semina? Na kama ni kweli, nichanganye mti gani na gani? Naomba mtu aliyepanda kweli, siyo aliyesoma kama mimi.

HatiFungani

Mkuu, wewe ni mhasibu halafu unatuuliza sisi? 4.5 kuwa 135 ni mara 30. Kwa miaka 20 hiyo ni karibu asilimia 18.5 kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, bila moto, bila mchwa, bila mwizi. Hatifungani ya serikali ya miaka 20 (unaikopesha serikali, inakulipa riba), hata pale riba ilipoteremshwa mwaka 2022, ilikuwa juu kidogo ya asilimia 12. Ukiirudisha riba yote ndani kwa kiwango hichohicho, 4.5 yako inapita milioni 43. Hao wanakuahidi mara tatu ya hiyo na hawajakuonyesha hata panga.

Kingine, anayekusanya fedha za watu wengi kwa ahadi ya faida ana mambo ya kujibu kwa CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kusajiliwa kampuni BRELA peke yake hakutoshi. Nenda kawaulize CMSA kama wanawajua. Mambo ya miti siyajui, nawaachia wenyewe.

Bi Mwalimu wa Muheza

Salama mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mkeo mpe salamu zangu, maana swali lake ni zuri kuliko lako.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina ekari sita njia ya kwenda Amani, nilianza kuzipanda masika ya 2003, na nina kitalu kidogo nyuma ya nyumba. Nitakueleza nilivyokosea, kwa sababu nilipopatia palikuja baadaye.

Kwanza hizo picha. Huku kwetu kuna shamba la serikali la Longuza, lipo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mitiki yake imesimama kama nguzo za msikiti, ikikomaa inauzwa kwa mnada na mzigo mwingi huishia India. Mtu yeyote anayetaka picha ya mitiki mizuri anakuja pale. Kwa hiyo ukiwaona tena hao jamaa waambie wakupeleke kwenye shamba LAO, lenye miti YAO yenye umri wa miaka 10, ukaishike kwa mkono. Ukiwa pale chuma jani changa la mtiki ulisugue kiganjani. Kiganja kitakuwa chekundu kama umechinja. Nakwambia hivyo kwa sababu nimeona watu wameuziwa "mitiki" ambayo siyo mitiki.

Sasa suala la kuchanganya. Ekari yangu ya kwanza nilipanda mitiki mitupu, mita 3 kwa 3, karibu miche 450. Ilikuwa kwenye mteremko kama huo wa mjomba wenu. Jani la mtiki ni kama sinia: mvua inajikusanya juu yake, halafu inadondoka tone moja zito, na chini hakuna majani wala magugu kwa sababu kivuli kimeua kila kitu, na takataka kavu nilikuwa nazifagia mimi mwenyewe kwa kuogopa moto. Vuli ya 2006 nilikuta mizizi imebaki nje kama vidole vya mtu aliyezikwa juujuu. Udongo wangu ulikuwa umeshuka mtoni. Mto huo ni wa Sigi, na Tanga mjini ndiko wanakokunywa maji yake, kwa hiyo nilikuwa nawanywesha watu shamba langu.

Ekari ya pili nikasema nachanganya. Nikapanda mstari wa mitiki, mstari wa milingoti (mikaratusi), mstari wa mitiki, mstari wa milingoti. Nilijiona mjanja: mlingoti utatoa nguzo haraka, mtiki utabaki. Mwaka wa tatu milingoti ilikuwa juu ya paa, mitiki iko chini imejikunja inatafuta jua. Mtiki haukubali kivuli hata kidogo. Nikaikata milingoti. Mwanangu, mlingoti ukiukata unachipua kana kwamba umetukanwa. Nilipigana na visiki vile miaka minne.

Ndiyo maana nasema kuchanganya ni kweli, lakini siyo kama kachumbari. Weka kama sinia la pilau, kachumbari upande wake. Sehemu ya juu, kavu, udongo wenye kina na usiotuama maji, ndipo palipokaa mitiki yangu ya tatu, kwa fungu lake. Katikati nimepanda mikangazi, yaani mahogani, ndani ya migrevilea. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza maana ya neno kuchanganya.

Mkangazi una kiwavi wake. Anatoboa ncha ya juu, ile laini inayokua, anaingia ndani, na nje unaona unga wa kahawia umening'inia kwenye nyuzi nyembamba. Baada ya wiki ncha inanyauka, na mti unatoa ncha mbili au tatu badala ya moja. Unapata panda ya manati badala ya gogo. Mbao yenyewe ni nzuri ajabu, nyekundu, lakini nani atapasua manati? Mwaka 2005 nilipanda mikangazi 60 juani, peke yake. Ilipofika miaka mitatu, 51 ilikuwa na panda. Mwaka 2008 nikapanda mingine 40, safari hii katikati ya migrevilea iliyoitangulia miaka miwili. Iliyotobolewa ilikuwa 9. Kiwavi hajaisha, yupo, lakini kipepeo wake anahangaika kuupata mti mmojammoja uliojificha, na kivuli cha ubavuni kinaulazimisha mkangazi uende juu badala ya kutanuka. Hata ile 9 nilikata ncha za ziada kwa kisu nikabakiza moja, na sita kati yake ikanyooka.

Mgrevilea nao si wa kuusindikiza tu mkangazi. Majani yanaoza chini na kuushika udongo, matawi ni kuni, na kwenye shina nimepandisha pilipili manga. Hapo ndipo fedha ya kila mwaka ilipo. Mwaka jana nilianika kilo 212. Bei inapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa, lakini haijawahi kunishinda kulipia palizi. Miaka miwili mitatu ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga, nilipanda mahindi na maharage katikati ya mistari. Hata Longuza wanakijiji wanalima ndani ya mitiki michanga ya serikali kwa mtindo huohuo, miti inapaliliwa bure.

Mivule nilitaka sana kwa sababu baba yangu alikuwa seremala. Ukiipanda mingi pamoja, majani yanatoka vijipu, kuna mdudu mdogo ndani, vikipasuka vinanata na ncha inakufa. Nilitawanya 15 tu shamba zima. Imebaki 6. Hiyo si yangu, ni ya wajukuu.

Fedha ya mbao, sasa. Katika ile ekari ya mitiki nilipunguza miti mwaka wa 6, nikatoa karibu nusu, nikaiuza kama nguzo za kujengea. Ililipa palizi ya miaka miwili, basi, usidanganyike. Nilipunguza tena mwaka wa 12, hapo nilipata fedha ya maana kidogo, nikaezeka. Sasa imebaki kama 110, na nikipima kwa kamba usawa wa kifua, mingi ina kipenyo cha sentimita 32 mpaka 38. Kijitabu cha hao jamaa, kwa milioni 135, nadhani wamehesabu miti yote 450 imefika mwisho ikiwa minene. Haiwezekani. Usipoitoa mingine, yote inabaki fito.

Na sijakuambia moto. Februari 2012 jirani alichoma shamba kungoja masika. Mimi nilikuwa Tanga mjini namuuguza marehemu mume wangu, barabara ya kuzuia moto haikufyekwa mwaka ule. Moto ulipita ekari moja na nusu kwa muda wa kuchemsha chai. Mitiki iliungua gome, ikachipua upya, ule ni mti mgumu. Mikangazi yangu ile ya 2008 iliyokuwa upande wa mpaka, 14, yote ilikufa. Migrevilea, nusu. Kama ningekuwa na mikangazi mitupu ningekuwa nauza mkaa leo.

MhasibuTabata

Shikamoo mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo. Asante sana.

Maswali mawili. Nikiwa Tabata nani atalinda? Na vipi mninga na mpingo, maana bei ya mninga hapa Dar kila fundi analia nayo, nikaona huo ndio utajiri wenyewe.

Mlingoti wa Mafinga

Kamwene wote. Naomba niwe mbishi kidogo, Bi Mwalimu unisamehe.

Huku Mufindi sisi ni misindano (paini) na milingoti tu, shamba kubwa la serikali la Sao Hill lipo mlango wa pili, na kila mwalimu, askari na mchungaji ana ekari zake. Kwa nini hatuchanganyi? Soko. Mnunuzi anakuja na lori, anataka mbao za 2x4 na 2x6 za aina moja, zijae, aondoke. Mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, habebi mashine yake apande nayo kilima kwa ajili ya mikangazi saba. Mimi mwenyewe nilikuwa na migrevilea 30 pembeni ya misindano, hakuna aliyeitaka mpaka nikampa fundi wa kijijini kwa bei ya kuni. Kwa hiyo anayesema mchanganyiko una faida aseme pia kwamba kuuza kwake ni kazi.

Hilo nimesema. Sasa na mimi nikiri. Baba mdogo alikuwa na ekari 12 za misindano mitupu zimegusana na za majirani, hakuna hata njia. Moto ulianzia kwa mrina asali, ukala vyote mpaka barabarani, ukoo mzima ukarudi mwaka sifuri siku moja. Na tatizo letu kubwa ni haraka. Mtu ana ada ya mtoto, anakata msindano wa miaka 8 au 9, mbao changa, inajipinda kwenye paa kabla fundi hajashuka. Bei inaporomoka kwa sababu kila mtu anakata changa wakati mmoja. Mradi wa Panda Miti Kibiashara ulipokuja 2014 walitupigia kelele kuhusu mbegu bora na umri wa kuvuna, wa mbegu tulisikia, wa umri njaa haikutusikiza.

Kuhusu kijito chako: usipande mlingoti karibu na maji. Huku tulipanda mabondeni, kwenye vinyungu ambavyo bibi zetu walilima mboga kiangazi chote. Kinyungu cha mama yangu kilikauka, leo ananunua mchicha. 

Na mashamba ya kununua kwa simu, ndugu yangu, achana nayo. Binamu yangu yuko Dar, alinunua ekari tatu huku kwa picha za WhatsApp. Alipokuja tukakuta watu wengine wawili wana karatasi za ekari zilezile, na mmoja ameshaweka mizinga. Wakala hapokei simu mpaka leo.

Bi Mwalimu wa Muheza

Huo si ubishi, kijana wa Mafinga, ni ukweli, na ningeuandika mimi kama si kuchoka kidole. Ndiyo sababu ya mafungu. Mitiki yangu iko pamoja, siku mnunuzi akija anakuta mzigo wa lori. Mikangazi nauza kwa maseremala wa Muheza na Tanga, wachache wachache, wanakuja wenyewe na kuchagua uliosimama. Ningeitawanya ovyo shamba zima nisingepata hata mmoja wa kuja.

Mhasibu, nianze na mninga. Mche wa mninga unakudanganya miaka mingi. Mvua zikija unachipua, kiangazi kikija shina lote la juu linakufa, unaanza tena mwakani, na tena, na tena, huku chini unanenepesha mzizi. Mtu asiyejua anang'oa akidhani umekufa. Mbegu yenyewe iko ndani ya kitu chenye bawa na miiba katikati, utaimenya mpaka vidole vitoke damu. Mninga unaoona kwa fundi Dar haukupandwa na mtu, umetoka porini. Mpingo ndio usiseme, hesabu miaka 70 na kuendelea. Panda mitatu mlangoni watoto waone.

Na kuna miti ya kukataa hata ukipewa bure. Watakuletea miche ya msedrela kwa sababu inakua mbio. Waulize watu wa Morogoro jinsi msedrela ulivyouvamia msitu wa Kimboza. Huku Amani Wajerumani walileta musizi, na baadaye watu wakaupanda zaidi baada ya msitu kukatwa. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanameza, wanaruka, wanadondosha mbegu kilomita huko ndani ya msitu wa asili. Nawasikia alfajiri mabawa yao yanapuliza kama treni, nawapenda sana, lakini kila wanapopita najua kuna musizi mwingine umepandwa. Ukipakana na msitu, mti wenye matunda ya ndege ufikirie mara mbili.

Hesabu sasa, hiyo ni lugha yako. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji ziachwe. Kama kipande cha mjomba kinagusa kijito kwa urefu wa mita 100 tu, hiyo ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu imekwenda. Usiifyeke, iache ijiotee. Lakini kwenye bei usilipe kama ekari 5 za kupanda, lipa kama tatu na nusu, na hilo umwambie mjomba kwa adabu ukiwa na mkeo.

Palizi mwaka jana nililipa 70,000 kwa ekari. Mara tatu kwa mwaka kwa ekari tatu ni 630,000. Miaka mitatu ya kwanza huwezi kuikwepa. Weka na barabara ya moto kila Desemba na Januari, na mlinzi. Mlinzi wako awe jirani anayelima ndani ya shamba lako. Mpe alime mahindi na maharage bure miaka mitatu, baadaye mgawane pilipili manga. Mtu mwenye mahindi yake mle ndani hataruhusu moto wala mbuzi, na mshahara hatauliza. Mimi huyo jirani aliyenichomea 2012 ndiye mlinzi wangu tangu 2013. Kila Januari yeye ndiye wa kwanza kushika fyekeo.

Usipande zote mwaka mmoja. Ekari moja masika haya, ukosee hapo. Ya pili mwakani, ukosee kidogo. Milioni 18 zote zisiguse udongo, nusu ziache kwa huyo ndugu wa hatifungani ili mtoto akidaiwa ada usiende na shoka shambani kama watu wa Mafinga. (Natania, kijana.)

Karatasi. Ardhi ya kijiji haigawiwi na mtu mmoja wala mwenyekiti peke yake, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia. Ulizia kama mjomba ana hati ya hakimiliki ya kimila au ana maneno tu. Zunguka mpaka kwa miguu pamoja na majirani wote wanne, na muulize shangazi wa mkeo kama na yeye ana sehemu yake mle, maana michungwa mizee mara nyingi ilipandwa na babu, na mtoto wa babu hawi mmoja. Tunza na risiti za miche. Siku ya kuvuna, hata mti ulioupanda kwa mkono wako hautoki shambani kwa lori bila kibali na hati ya kusafirishia, na wenye risiti na barua ya kijiji wanapita haraka kuliko wanaojieleza.

Mitiki usinunue kwenye viriba, ni ghali na haina faida. Mbegu mimi naloweka usiku, naanika mchana, siku 10 hivi, ndipo ganda linakubali. Mche wa mwaka mmoja nang'oa, nakata mzizi ubaki kama urefu wa kalamu, shina libaki inchi moja, unene wa kidole gumba. Hicho ni kisiki. Visiki 100 unavifunga kwenye gunia bichi unapanda navyo kwenye basi. Unatoboa kwa mti uliochongwa, unakisukuma, unakanyaga kwa kisigino, umemaliza. Mbegu za mikangazi, kama huna mti mama unaoujua, kituo cha TFS cha mbegu za miti kiko Morogoro.

Njoo kabla ya masika uone mwenyewe. Ile ekari yenye mizizi nje sijaificha, ipo, nimepanda mgrevilea katikati na udongo umeanza kurudi. Vaa viatu vya kufunga na shati la mikono mirefu. Upupu wa pale mpakani umekauka na upepo wa siku hizi unavuma kuelekea njiani.

MhasibuTabata

Mama, nimemsomea mke wangu yote. Leo mchana nimewapigia wale jamaa nikaomba kuona miti yao ya miaka 10. Wamesema shamba kwa sasa halipitiki kwa sababu ya mvua. Dar hakuna mvua tangu Desemba, na wao walisema shamba liko Pwani.

Mjomba amekubali kuzunguka mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Shangazi naye amesema atakuwepo, na ametuma ujumbe kwamba ile michungwa ya upande wa kijito ni yake.

Bi Mwalimu wa Muheza

Nilijua. Mletee shangazi kanga.